Macho Kwenye Wembe

Mwanzoni mwa mwaka 1535, huko Wittenberg nchini Ujerumani, Martin Luther alichapisha kijitabu kidogo kuhusu namna ya kuomba. Hakukiandika kwa ajili ya maaskofu wala wanachuo. Alimwandikia kinyozi wake, Peter Beskendorf, rafiki yake wa miaka mingi, ambaye alikuwa amemwomba amweleze jinsi mtu wa kawaida, mwenye kazi za mikono, anavyoweza kuomba. Luther, kama mwalimu mzuri, alimjibu kwa mambo ya kinyozi mwenyewe. Alisema kinyozi mzuri huweka akili na macho yake kwenye wembe na kwenye nywele, wala hasahau amefikia wapi. Akitaka kupiga soga na kutazama kwingine huku akinyoa, atamkata mtu mdomo au pua, au hata koo. Basi, ikiwa kunyoa kunadai akili yote ya mtu, je, si zaidi sana sala?

Habari hiyo tulifundishwa chuo cha theolojia, katika historia ya Kanisa, nami niliiandika kwenye daftari kama wenzangu. Wakati ule nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na ndevu zangu nilizinyoa kwa kiwembe cha plastiki cha dukani, dakika tatu, redio ikizungumza. Kiwembe cha namna hiyo hakidai akili yote. Kinadai nusu, na nusu nyingine inaweza kusikiliza taarifa ya habari. Kwa hiyo mfano wa Luther ulibaki kwangu kuwa maneno mazuri tu. Maana yake nimekuja kuielewa nikiwa nimeshavuka miaka arobaini, nilipojifunza kunyoa kwa wembe wa kukunja, ule wa zamani, kwa ajili ya baba yangu.

Kwa vijana ambao hawajauona: wembe wa kukunja ni bapa la chuma lenye urefu wa kiganja, mgongo wake mnene na makali yake membamba kuliko karatasi. Hufungwa kwa pini kwenye mpini wa vipande viwili, na kazi ikiisha makali hulala ndani ya mpini kama ulimi ndani ya kinywa. Miji iliyosifika sana kwa kuzitengeneza nyembe hizi ni Solingen ya Ujerumani na Sheffield ya Uingereza. Ndizo zilizotumiwa na wanaume wengi hadi mwaka 1903, King Camp Gillette wa Marekani alipoanza kuuza kiwembe chenye kinga na nyembe nyembamba za kutupa. Tangu hapo dunia ikaanza kuusahau wembe wa kukunja polepole, lakini baba hakuusahau. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa, na wembe wake, wenye jina la Solingen kwenye shingo ya chuma, aliununua Moshi akiwa mwalimu kijana. Sisi watoto tulijua kumekucha kwa mlio wa wembe ule ukipita juu ya mkanda wa ngozi uliotundikwa kwenye msumari wa mlango.

Kisha baba akapata kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, mguu ukawa mzito, na maneno yakamwishia karibu yote. Alibaki na mawili, “haya” na “hapana”. Ndugu zangu walimhudumia vizuri. Mmoja alileta mashine ya umeme ya kunyolea, ya bei kubwa, akitaka mzee apendeze. Baba aligeuza uso akatazama ukuta. “Hapana.” Ndevu nyeupe zikaendelea kuota juu ya uso ambao hatukuwahi kuuona nazo.

Nami nilipoenda kumwombea nilikuta ukuta uleule. Tangu siku nilipobarikiwa kuwa mchungaji, baba alikuwa akiniita “Mchungaji”, hata mezani, hata tukiwa shambani kwenye migomba. Sasa nikifungua Biblia kando ya kitanda chake, aligeuza uso na kusema, “Hapana.” Nilikuwa nikihudumia usharika mzima, nikishika mikono ya wagonjwa wa watu, na baba yangu aliyenifundisha kuomba hakutaka kusikia sala yangu. Sikumlaumu. Mtu aliyeongoza ibada ya nyumbani kwa miaka hamsini, kisha akanyang’anywa maneno, ana haki ya kuwa na jambo na Mungu wake.

Ipo habari katika 2 Samweli 10 niliyoifikiria sana siku hizo. Mfalme Daudi alituma watu kwenda kutoa pole kwa Hanuni, mfalme wa Waamoni, naye akawakamata akawanyoa nusu ya ndevu zao. Daudi hakuwacheka. Aliwaambia wakae Yeriko hadi ndevu zao ziote tena. Maandiko yanajua kwamba kunyolewa bila ridhaa yako ni aibu kubwa. Uso wa mtu mzima ni mlango wa heshima yake, na hata mgonjwa ana haki ya kusema nani aingie.

Siku moja nilikitoa kile kisanduku cha wembe kabatini nikakiweka kitandani, bila neno. Baba alikitazama muda mrefu. Alikigusa kwa mkono wa kushoto, kisha akagusa shavu lake, kisha akanitazama. “Haya.”

Lakini mimi sikujua kuutumia. Nilikwenda kwa mzee mmoja kinyozi karibu na soko, aliyeianza kazi hiyo enzi za nyembe za namna hii. Nilimwamkia, “Shikamoo, Mzee,” akaitikia, “Marahaba, Mchungaji, karibu kiti.” Nikamwambia sikuja kunyolewa, nimekuja kujifunza. Alicheka, kisha akatuma kijana dukani akanunue puto. Akalipuliza, akalipaka povu, akanipa wembe. “Nyoa hilo. Likipasuka, na baba yako angelia hivyohivyo.”

Mambo aliyonifundisha nitayaeleza kama yalivyo, maana huenda yupo msomaji anayehitaji kuanza.

La kwanza, wembe uwe mkali kweli. Watu huogopa wembe mkali, lakini wembe butu ndio unaoumiza, kwa sababu unamlazimisha mnyoaji akandamize. Mkali hutaka mkono mwepesi tu. Kunoa kwenye jiwe ni kazi ya mara chache kwa mwaka, na anayeanza amwachie fundi. Mkanda wa ngozi ndio wa kila mara. Jiwe hula chuma na kutengeneza makali mapya, lakini mkanda huyanyoosha makali yaliyopo. Unalaza bapa kabisa, mgongo unatangulia na makali yanafuata, na ukifika mwisho unaligeuza kwa mgongo, kamwe si kwa makali, la sivyo utakata ngozi ya mkanda na kuharibu wembe. Mara arobaini hivi, bila haraka.

La pili, ndevu zilainishwe. Taulo iliyochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, dakika mbili au tatu, kisha povu zito kwa brashi. Ndevu kavu ni kama waya, na zikilowa vizuri huwa kama majani mabichi.

La tatu ni pembe. Wembe ulale karibu na ngozi, mgongo umeinuliwa kidogo tu, kama digrii thelathini. Ukiinuka sana unakata ngozi, na ukilala sana unavuta ndevu. Mkono mwingine unyooshe ngozi. Mapito yawe mafupi, na wembe uende mbele tu, usiteleze kuufuata urefu wa makali yake, maana hivyo ndivyo kisu kinavyokata nyama.

La nne, anza na mashavu. Wiki ya kwanza mashavu peke yake, na sehemu nyingine umalizie kwa kiwembe ulichozoea. Mkono ukitulia, shuka shingoni. Kidevu na juu ya mdomo viwe vya mwisho, kwa kuwa pana mikunjo mingi.

La tano, fuata zinakoota ndevu, usipingane nazo. Hili ni kwetu hasa. Ndevu zetu zimejipinda, na zikikatwa chini mno ncha yake hurudi na kuchoma ngozi kutoka ndani, ndipo vinapotokea vile vipele vya shingoni. Nyoa mara moja, uridhike. Uso usio laini kama kioo lakini mzima ni bora kuliko uso laini wa leo ambao kesho umevimba.

La sita, wembe ukidondoka, uache udondoke. Usijaribu kuudaka.

La saba, kila mtu na wembe wake. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini vinaweza kupita kwenye damu ndogo isiyoonekana. Nilinunua wembe wangu wa kujifunzia, na wa baba haukugusa uso mwingine. Ukimaliza, suuza, kausha, na upake tone la mafuta, kwa maana chuma cha namna hii hushika kutu upesi. Na kipande cha shabu kiwe karibu, kwa ajili ya tone la damu.

Nilijinyoa mwenyewe kwa miezi miwili kabla ya kumgusa baba. Jumamosi ya kwanza nilipomnyoa, niligundua jambo ambalo puto halikunifundisha. Upande wake wa kulia ulikuwa umelegea na haukuhisi vizuri. Mtu mzima hukunja uso ukimwumiza, naye upande ule asingeweza kuniambia lolote. Ilibidi macho yangu yahisi kwa niaba ya ngozi yake. Sikuweza kuwaza mahubiri ya kesho, wala kikao cha wazee, wala simu iliyokuwa ikitetemeka mfukoni. Kwa nusu saa hapakuwa na kitu duniani isipokuwa shavu la baba, povu, na mstari wa chuma. Hapo ndipo nilipomkumbuka kinyozi wa Wittenberg.

Tulipofika kooni nilisita. Baba aliona. Akafumba macho, akainua kidevu mwenyewe.

Chuoni tulijifunza kwamba walimu wa zamani wa Kilutheri waliigawa imani katika mambo matatu: kujua, kukubali na kutumaini. Mtu anaweza kujua habari za Kristo, na hata kukubali kwamba ni kweli, bila bado kuiweka nafsi yake mkononi mwa Kristo. Nimehubiri juu ya tofauti hiyo mara nyingi. Sina mfano mwingine unaolingana na ule wa kidevu kilichoinuliwa. Baba alijua kwamba ni mwanawe. Alikubali kwamba nimejifunza. Lakini kutumaini kulikuwa pale alipofumba macho na kunipa koo lake.

Kuhusu sala, bado ilikuwa “hapana”. Kwa hiyo niliomba kimyakimya huku nikinyoa, kwa njia aliyoieleza Luther kwa Peter. Anashauri mtu achukue jambo analolijua kwa moyo, kama Amri Kumi, Sala ya Bwana au Imani, alipitie polepole. Katika kila amri asokote nyuzi nne: linanifundisha nini, nashukuru nini, naungama nini, naomba nini. Na anaongeza kwamba Roho Mtakatifu akianza kuzungumza moyoni mwako katikati ya sala, uyaache maneno mengine, unyamaze, usikilize. Nilichukua yale maombi saba ya Sala ya Bwana, kama tulivyoyajifunza katika Katekisimu Ndogo, nikayagawa juu ya uso wa baba, moja kwa kila sehemu. La mkate lilikuwa pembeni mwa kinywa, palepale tulipomlishia kwa kijiko. La tano, la kusamehewa na kusamehe, liliangukia kooni. Nikiwa hivyo sikuwahi kusahau nimefikia wapi, si kwenye uso wala kwenye sala.

Jumamosi moja ya Kwaresima, midomo yangu ilikuwa ikitembea bila mimi kujua, kwa Kichaga, lugha aliyonifundishia sala hiyo nikiwa mtoto. Nilinyamaza ili nifute povu kwenye wembe. Sauti ikaendelea. Ilikuwa ya baba, nzito na ya kukwaruza, lakini maneno yalikuwa kamili, ombi baada ya ombi, hadi amina. Nilibaki nimeshika wembe hewani. Nilipomwuliza kama maji bado ni ya moto, akajibu, “Haya.”

Daktari alinieleza baadaye kwamba jambo hilo si geni. Wagonjwa waliopoteza usemi kwa kiharusi mara nyingi huweza bado kuimba wimbo au kusema sala waliyoishika tangu utotoni, kwa kuwa maneno ya namna hiyo ubongo huyashika kwa njia nyingine kuliko maneno ya mazungumzo. Niliyapokea maelezo yake kwa shukrani, wala hayakunipunguzia kitu. Baba hakupata tena maneno yake mengine. Lakini tangu siku ile, kila Jumamosi, tukifika kidevuni, alianza yeye, nami nikamfuata. Ibada ya nyumbani ilikuwa imerudi kwa mwenyewe.

Ningependa kuishia hapo, lakini nisingekuwa nimesema kweli yote kuhusu Peter Beskendorf. Mwaka uleule wa 1535, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, wiki chache tu baada ya kijitabu kutoka, Peter alikuwa mezani kwa mkwewe, mume wa binti yake, aliyekuwa askari. Inasimuliwa kwamba mkwe alijisifu kuwa chuma hakimwingii, na Peter, akiwa amelewa, akamchoma kisu. Mkwe akafa. Mkono uliokuwa salama kwenye koo la Luther miaka yote hiyo uliua mtu wa nyumbani kwa dakika moja. Luther na wengine walimwombea kwa wenye mamlaka, naye hakuuawa. Alipoteza mali yake, akafukuzwa mjini, akaenda kuishi Dessau.

Nimejiuliza mara nyingi habari hii inatuambia nini. Mwingine atasema inaonyesha kwamba kijitabu hakikumfaa kitu. Mimi naona kinyume. Kile kinyozi mzee wa sokoni alichonieleza kuhusu mkanda ndicho kinachonisaidia: hakuna wembe, hata wa Solingen, unaobaki na makali ya jana. Kila anyoapo mtu, makali hupinda kidogo, kidogo ambacho jicho halioni, na kesho lazima urudi mkandani. Utulivu wa saa moja haulindi saa inayofuata. Ndiyo maana Luther, aliyeiandika Katekisimu, alisema yeye mwenyewe aliirudia kila siku kama mtoto. Na ndiyo maana ombi la tano halimalizwi mtu akishaliweza kwa moyo. Kijitabu kile hakikufichwa kwa sababu ya kosa la Peter. Kinasomwa hadi leo, na jina la kinyozi limo. Sala haikutolewa kuwa cheti cha wema wa mwombaji. Ilitolewa kwa watu ambao mikono yao inaweza kunyoa na inaweza kuua.

Baba alilala katika Bwana mwaka wa pili wa ugonjwa wake, uso wake ukiwa safi. Wembe wake upo kwenye kisanduku, umepakwa mafuta, wala simnyolei mtu mwingine. Lakini kazi yenyewe sikuiacha. Katika usharika wapo wazee wengi waliolala vitandani, na watu huwaletea sabuni, sukari na nyimbo, lakini ni wachache wanaowagusa uso. Ninapowatembelea hubeba mpini wa kinyozi unaotiwa wembe mpya, na kila mzee anafunguliwa wembe wake mbele ya macho yake, kisha unatupwa salama.

Nawe waweza kuanza, mpendwa, hata kama hutaki kujifunza wembe. Yupo mama anayehitaji kusukwa nywele, yupo mzee ambaye kucha zake hazijakatwa tangu Krismasi. Omba ruhusa kwanza. Akisema hapana, keti naye, urudi siku nyingine. Akisema haya, zima simu. Usianze na neno la faraja ulilojiandalia, wala usifungue Biblia upesi. Chemsha maji, tafuta taulo safi, na macho yako yakae pale mikono ilipo.